Mtawala Akionea Watu, Muumini Afanyeje?

Maswali mengi yanayoletwa kwenye kipindi chetu cha kila juma hujibika kwa dakika mbili tatu. Juma hili limenifikia moja ambalo muda wa kipindi kizima haukulitosha, na ndiyo sababu leo nimemwomba mhariri wa safu hii nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida.

Limetoka Mingoyo, pale njia panda ya Mnazi Mmoja, ambapo msafiri anayetoka Lindi mjini huamua ama kushika njia ya Mtwara au kupanda bara kwenda Mtama, Nyangao na Masasi. Mwenye swali ni mwalimu wa madrasa. Anasema ana jirani yake katekista, na jioni wakikaa barazani hubishana. Mmoja hushika kwamba kumpinga mtawala ni dhambi, kwa kuwa kila mamlaka yametoka kwa Mungu. Mwingine hushika kwamba kumnyamazia mtawala dhalimu ndiyo dhambi yenyewe. Ajabu ni kwamba si kila mara Mwislamu anashika upande mmoja na Mkristo mwingine. Hubadilishana kufuatana na habari ya siku hiyo! Basi wanauliza: serikali inapoonea watu, muumini avumilie, aombe dua, aseme, akatae kutii, ahame, au apigane? Na mwalimu ameongeza lake: akipewa tangazo alisome msikitini, naye anajua kwamba yaliyomo si kweli, afanyeje?

Niseme mapema kwamba mimi si sheikh wala si padri. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kueleza yaliyotokea, siyo kutoa fatwa. Lakini swali hili lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika barabara hiyohiyo ya Mingoyo. Anayetaka kuijua haina haja ya kwenda mbali.

Tuanze na maandiko, maana ndiko wanakoanzia majirani zetu hawa. Katika Kurani, sura ya nne, Waumini wanaamrishwa wamtii Mwenyezi Mungu, wamtii Mtume, na wenye madaraka miongoni mwao. Katika Agano Jipya, Paulo anawaandikia Warumi, mlango wa 13, kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Hapo yule wa upande wa kwanza hufunga kitabu na kusema mjadala umekwisha. Haujaisha hata kidogo. Wafasiri wa Kiislamu wameeleza kwa karne nyingi kwamba utii kwa wenye madaraka unakuja nyuma ya utii kwa Mungu, na kwamba kiumbe hatiiwi katika jambo la kumuasi Muumba. Katika hadithi zilizopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, neno la haki mbele ya mtawala dhalimu limehesabiwa kuwa jihadi iliyo bora. Kwa Wakristo, Petro na wenzake walipokatazwa na baraza la Yerusalemu kufundisha, walijibu kwamba wanapaswa kumtii Mungu kabla ya wanadamu. Na Paulo huyo huyo aliyeandika waraka kwa Warumi, mapokeo ya kanisa yanasema aliuawa Rumi na serikali ileile aliyowaambia watu waitii. Ni vigumu kuamini kwamba yeye aliyasoma maneno yake kama wanavyoyasoma baadhi ya wahubiri wetu.

Hata hivyo nisiwaonee wale wanaotaka subira. Wanazuoni wengi wa zamani wa Kisunni waliokataza watu kumpindua mtawala hawakufanya hivyo kwa kumpenda. Walikuwa wameona miji ikiungua na maiti za wasio na hatia barabarani, wakahukumu kwamba miaka mingi ya mtawala mbaya ina nafuu kuliko siku moja ya watu kuchinjana. Hoja hiyo si ya woga. Kwa watu wa pwani ya kusini ni hoja nzito sana, kama tutakavyoona. Na Waibadhi wa Oman, ambako zimetoka koo kadhaa za Waarabu wa pwani yetu, wao walikwenda mbali zaidi katika kulipanga jambo hili. Katika mafundisho yao jumuiya ya Waumini inaweza kuwa katika hali nne: kuwa na utawala wake wa wazi, kujihami, kujitoa mhanga kwa kikundi kidogo, na hali ya kitmani, yaani kuificha dini ndani ya nyumba pale nguvu inapokosekana. Maana yake ni kwamba swali la nini cha kufanya linategemea pia uwezo na wakati. Mtu asiyekuwa na uwezo hatakiwi kujifanya anao.

Haya, sasa tutoke vitabuni.

Wajerumani walipoikamata pwani hii hawakupokewa kwa matarumbeta. Mwaka 1888 watu wa kampuni yao walifukuzwa Lindi na Mikindani, na Kilwa wawili wao wakauawa. Serikali ya Ujerumani ikaja yenyewe kwa meli na bunduki. Kilwa Kivinje, Hassan bin Omari Makunganya aliendelea kuwapinga mpaka akakamatwa na kunyongwa Novemba 1895. Mahali aliponyongwa yeye na wenzake panaitwa hadi leo Mwembe Kinyonga, na jina hilo linatosha kueleza serikali ya namna gani ilikuwa imeingia.

Kisha ikaja kodi ya kibanda, kuanzia mwaka 1898. Likaja shamba la pamba la kila eneo, ambamo wanakijiji walilazimishwa kulima chini ya jumbe na akida, kwa ujira mdogo hata wengine walikataa kuupokea. Kikaja kiboko. Hapa pana jambo ambalo tukiadhimisha vita vya Majimaji huwa tunalipitia mbio: aliyekishika kiboko mara nyingi hakuwa Mjerumani. Maakida wengi walikuwa watu wa pwani, Waislamu, wenye kanzu na vilemba, waliosali sala tano. Vita ilipoanza Umatumbi Julai 1905, miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo kabisa alikuwa akida wa Kibata. Kwa hiyo anayeuliza muumini afanye nini mbele ya serikali inayoonea, ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe si sehemu ya serikali hiyo. Dhuluma haitembei peke yake vijijini. Ina karani, ina mgambo, ina mjumbe anayeandika majina.

Kuhusu Majimaji, wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba ni vita ya kupinga ukoloni, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini ilikuwa pia jibu la dini. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe hakuwa jemadari. Alikuwa mganga aliyepagawa na pepo Hongo, na watu walimwendea kuchukua maji yatakayowalinda na risasi. Wazee waliohojiwa miaka ya 1960 na wanahistoria kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walieleza kwamba Kinjikitile aliwaambia watu wangoje, wasianze vita mpaka awape amri. Wamatumbi hawakungoja. Yeye akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inashika moto, na moto huo ukaenda hadi Songea.

Imani ile ilifanya kitu ambacho silaha hazikuweza: iliwaunganisha watu wa makabila zaidi ya kumi ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Iliwaondolea hofu. Lakini ahadi ya kwamba risasi itageuka maji ilikuwa ya uongo, na waliolipa ni wale walioiamini. Wajerumani walipoona hawawezi kukimbizana na watu porini, Gavana von Götzen aliruhusu njaa ifanye kazi ya askari. Vyakula vilichomwa, visima na mashamba vikaharibiwa. Serikali yenyewe ilihesabu wafu wapatao 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikia hadi 300,000. Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa viongozi 67, na padre mmoja wa misheni aliwabatiza baadhi yao kabla ya kitanzi. Mimi hupata tabu kuitafakari picha hiyo. Padre alikuwa na haki ya kuziombea roho zile, lakini alizingoja roho chini ya mti uliosimamishwa na serikali.

Na hapo ndipo tunafika Nyangao. Ukipanda basi Mingoyo kwenda Masasi utaipita, mji wenye hospitali kubwa ya misheni. Mwaka 1905 misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ilishambuliwa na kuchomwa na wapiganaji wa upande wa Wamwera, ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwa Selemani Mamba. Sista mmoja alipotea katika kukimbia. Tarehe 14 Agosti, kwenye njia ya Liwale, waliuawa Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili. Hawakuwa askari, wala hawakumchapa mtu viboko. Kifo chao ni dhuluma nayo, na sitaki kuisema kwa sauti ndogo. Ila muumini wa leo hana budi kuuliza kwa nini mwanakijiji wa Nyangao hakuona tofauti kati ya boma na kanisa. Jibu ni kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa haonyeshwi. Wazungu wa bomani na wa misheni walizungumza lugha moja na kula meza moja, na alipochapwa hakumsikia padri akimkemea bwana shauri hadharani. Wamisionari walirudi, wakafungua Ndanda mwaka 1906, wakajenga hospitali na shule zinazosifika hadi leo. Somo hilo lilikuwa limekwisha kulipiwa kwa damu.

Baada ya vita kusini palikuwa na makaburi, njaa na ukimya. Katika ukimya huo likatokea jambo ambalo vitabu vya shule havilitaji, nalo lilianzia Lindi.

Mwaka 1908 ilianza kusambaa Lindi barua iliyodaiwa kutoka Maka. Ndani yake Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, alisimulia kwamba ameota ndoto, na katika ndoto hiyo ameambiwa kwamba Waislamu wamezama katika maasi, Kiyama kimekaribia, watu watubu, wasali na wajitenge na makafiri. Kila aipatae ainakili na kuipeleka mbele. Wasomaji wa umri wangu mtaikumbuka: ndiyo barua ileile tuliyokuwa tukipewa ikiwa nakala ya fotokopi iliyofifia, na ambayo siku hizi inaingia kwenye simu usiku wa manane, ikiahidi heri kwa anayeituma kwa watu kadhaa na balaa kwa anayeifuta. Umri wake basi ni zaidi ya miaka mia!

Mjini Lindi barua hiyo ilipita mikononi mwa watu wa ukoo wa Barwani, ukoo wa asili ya Oman uliokuwa na heshima na mali pwani hii. Jina la mmoja wao, Muhammad bin Khalfan, yule aliyejulikana kama Rumaliza na aliyepigana na Wabelgiji upande wa Ziwa Tanganyika, nalo lilitajwa, kwani wakati huo alikuwa Unguja. Taarifa za Wajerumani zinaeleza watu wakimiminika misikitini, na zikri za tarika zikishamiri. Kutoka Lindi barua ilipanda hadi Dar es Salaam, Bagamoyo na bara. Maofisa wakashikwa na hofu kubwa. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Majimaji, na wengi wa askari wao wenyewe walikuwa Waislamu. Watu wakakamatwa, masheikh wakahojiwa, zikri ikaangaliwa kama njama.

Sasa tazama vizuri. Barua haikusema shikeni mikuki. Haikumtaja gavana wala kodi. Ilisema salini na mtubu. Mbona serikali yenye mizinga ikatetemeka kwa karatasi ya ndoto? Maoni yangu ni haya: utawala unaosimama juu ya hofu unajua kwamba mtu anapoanza kumwogopa Mungu kweli kweli, hofu yake kwa bwana shauri hupungua. Wajerumani hawakukosea kuona hatari. Watu wa Lindi, waliokuwa hawawezi tena kupigana, walikuwa wamepata mahali ambapo amri ya boma haifiki. Katika miaka iliyofuata Uislamu na tarika vilienea sana vijijini kusini, miongoni mwa watu walewale walioshindwa vitani. Katika halaka ya zikri mtumwa wa jana alikaa bega kwa bega na bwana wa jana.

Hata hivyo barua yenyewe ilikuwa ya kubuni. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameikataa kwa miaka mingi, wakisema dini haikamiliki kwa ndoto ya mtu wala kwa vitisho vya balaa. Nami naongeza la kiuandishi: anayempinga mtawala kwa habari ya uongo humpa mtawala huyo zawadi. Siku uongo ukigundulika, hata yale ya kweli hutupwa nao jalalani. Naisema hii nikijua yanayopita kwenye simu zetu leo kwa jina la dini.

Tuendelee na barabara hadi Masasi. Eneo hilo zamani lilikuwa chini ya dayosisi ya Kianglikana ya Zanzibar, na askofu wake kuanzia mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924 alikuwa Mwingereza, Frank Weston. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwafunga walimu na makasisi wa misheni yake, Waafrika kwa Wazungu. Mwaka 1918 Weston alichapisha waraka mkali juu ya ukatili wa utawala wa Kijerumani kwa Waafrika, akiuita kwa jina lenye maana ya watumwa weusi wa Prussia. Serikali ya Uingereza ilifurahi mno, maana ilikuwa ikitafuta sababu ya kulitwaa koloni. Kama angeishia hapo ningemwita mpiga debe wa nchi yake, basi. Lakini mwaka 1920, serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiwashurutisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, Weston aliandika tena, safari hii juu ya vijakazi wa Uingereza, akasimama dhidi ya serikali yake mwenyewe. Kelele zake na za wenzake zilisaidia kuifanya London mwaka 1921 iwazuie maofisa kuwatafutia walowezi vibarua.

Hicho ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Karibu kila mtu huiona dhuluma ya mtawala wa dini nyingine, wa kabila jingine, wa chama kingine. Muumini hujulikana pale mdhalimu anapokuwa wa kwake.

Nchini Uganda kipimo hicho kilikuja na bunduki. Februari 1977 askari wa Idi Amin waliingia usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum, huko Namirembe, wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wenzake walikaa pamoja wakaandika barua kwa Rais, wakatia saini majina yao, wakaeleza kuhusu upekuzi huo na kuhusu raia wanaouawa na kupotea. Hawakuita watu waingie barabarani. Waliandika tu, kwa heshima, na wakaomba wakutane naye. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala, wakasimamishwa juani mbele ya silaha zilizopangwa na askari wakipiga kelele. Wengine wakaruhusiwa kuondoka. Luwum akaambiwa abaki. Siku iliyofuata redio ikatangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Mwenzake Askofu Festo Kivengere alivuka milima kwa miguu akaingia Rwanda, akahama kama walivyohama maswahaba wa kwanza wa Mtume kwenda Uhabeshi mwaka 615 kujikinga kwa Najashi, mfalme Mkristo aliyekataa kuwauza kwa wajumbe wa Makureshi. Kuhama nako ni jibu lenye heshima.

Na asije mtu akasema Amin alikuwa Mwislamu akiwaua Wakristo. Waislamu nao waliuawa. Dhuluma ikishazoea kula haichagui dini ya sahani.

Malawi ilikwenda njia nyingine. Chini ya Dk. Banda, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapakuwa na televisheni nchini, na redio ilikuwa moja, ya serikali. Nawaambieni kama mtu wa redio: palipo na sauti moja tu, mimbari huwa kituo cha pili cha utangazaji. Maaskofu Wakatoliki walilijua hilo. Waliandika waraka wa kichungaji, wakauchapa kwa siri nakala maelfu, na Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992 ukasomwa siku moja katika makanisa yote ya Kikatoliki nchini. Ulizungumzia mshahara usiotosha, hospitali zisizo na dawa, shule zilizofurika, rushwa, na watu wanaofungwa kwa kusema. Kila msikilizaji alikuwa akiyajua hayo. Lililokuwa jipya ni kuyasikia kwa sauti, mbele ya jirani. Polisi wakawahoji maaskofu, karatasi ikatangazwa kuwa haramu, na katika mkutano wa chama tawala wapo waliozungumza juu ya kuwaua; mazungumzo hayo yalirekodiwa yakavuja. Lakini waraka ulikuwa umekwisha somwa. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni na karibu theluthi mbili wakataka vyama vingi. Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi. Sisemi waraka mmoja ulifanya yote hayo. Kulikuwa na migomo, wanafunzi, wahisani waliokata misaada. Nasema ulifungua mdomo wa kwanza.

Rwanda nitaipita kwa maneno machache, maana inauma. Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva wa Kigali alikaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Mchungaji akila kiti kimoja na chama, nani atalikemea chama? Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani wakidhani ni mahali salama, wakachinjiwa humo. Padre Athanase Seromba alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa pale Arusha kwa sababu ya kanisa la Nyange, lililobomolewa kwa tingatinga juu ya waliokuwa wamejificha ndani. Mwaka 2008 rufaa ikamhukumu kifungo cha maisha. Wakati huohuo kulikuwa na mapadri, wachungaji, masista na Waislamu wa mitaa ya Kigali waliowaficha watu chini ya vitanda vyao. Dini zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyezoea kukataa kabla siku ile haijafika.

Kwetu Tanzania nako hatujakosa mitihani. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki, katika ujumbe wao wa Kwaresima, walilalamikia kubanwa kwa uhuru wa kusema na wa kufanya siasa, na maaskofu wa KKKT wakafuata na waraka wao wa Pasaka. Baadaye ikasambaa barua ya kuwataka wa KKKT waufute waraka wao, na waziri mhusika akaikana. Wapo waliosema maaskofu wanachanganya dini na siasa. Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na nimeona kwamba halitamkwi kamwe pale sheikh au askofu anapousifu utawala. Kumsifu mtawala mimbarini ni siasa vilevile, ila hulipwa vizuri zaidi.

Basi, nikirudi kwa majirani zetu, maoni yangu ni kwamba wote wawili wana nusu ya jibu. Subira ni ya kweli pale inapookoa maisha ya wengine, siyo pale inapookoa cheo cha anayeihubiri. Silaha imekuja kwenye pwani hii ikiwa jibu la mwisho la watu waliokwisha nyang'anywa kila kitu, nami siwezi kukaa katika kiti cha studio nikawahukumu Wamatumbi. Lakini nikitazama hesabu ya wafu, namwogopa kiongozi yeyote wa dini anayewaambia vijana kwamba risasi haitawapata. Katikati ya hayo mawili pana nafasi pana sana, na wengi wetu hatujaitumia hata robo: kutoibariki dhuluma, kutoishika kalamu yake, kuwatembelea waliofungwa, kuwazika waliouawa kwa majina yao, kusema hadharani lililotokea, lini na wapi.

Kuhusu tangazo, mwalimu, nikueleze tunavyofanya sisi chumba cha habari, huenda ikakufaa. Habari ambayo hatuna hakika nayo hatuisemi kwa kinywa chetu. Tunasema imetoka kwa nani. Ukiletewa karatasi, muulize aliyeileta ametumwa na nani, na aweke saini. Kama ni jambo la kawaida la chanjo au mkutano, lisome baada ya sala, ukiwa umeshuka mimbarini, ukisema wazi kwamba ni tangazo la ofisi fulani. Kama ni jambo unalolijua kuwa uongo unaowaumiza watu, mrudishie karatasi yake kwa adabu na umwombe aje alisome mwenyewe, nje ya msikiti, jua likiwa limewaka na watu wakimtazama. Wengi hawaji. Na usiende kurudisha peke yako. Fuatana na wazee wawili, na huyo katekista akiwa mmoja wao itapendeza, maana karatasi kama hiyo kwa kawaida huwa imekwisha pelekwa kanisani pia.

Juma lijalo nitajibu barua za Nachingwea kuhusu mizani ya korosho.